Viungo vya Mwili: Mahali Mifupa Inapokutana

Ndugu mwanakisomo, kabla hujaendelea kusoma, weka gazeti hili magotini. Nyoosha mkono wako wa kulia, kisha ukunje mpaka vidole viguse bega. Sasa jaribu kuukunja mkono huo huo kwa upande wa nyuma, kwenye kiwiko. Haukubali. Halafu zungusha mkono mzima kutoka begani, kama mtu anayerusha jiwe kwa kombeo. Unazunguka vizuri. Mkono ni mmoja, lakini kiwiko na bega havifanyi kazi sawa. Leo tutajifunza sababu yake.

Mtu mzima ana mifupa 206. Mifupa ni migumu, haikunjiki. Mahali mfupa mmoja unapokutana na mwingine panaitwa kiungo. Bila viungo tungesimama kama nguzo. Tusingeweza kushika jembe wala kuchuchumaa.

Kiwiko ni kiungo cha bawaba. Utazame mlango wenye bawaba: hufunguka na kufungwa kwa njia moja tu. Viungo vya vidole ni vya namna hiyo, na goti nalo karibu ni hivyo hivyo. Bega na nyonga ni tofauti. Hapo ncha ya mfupa ni ya mviringo kama kichwa cha mchi, nayo imekaa ndani ya shimo lililo kama kinu. Kinu cha nyonga kina kina kirefu, kwa hiyo paja halichomoki ovyo. Kinu cha bega hakina kina, ni kama kisahani. Ndiyo maana mkono huzunguka kila upande. Na ndiyo maana bega huteguka upesi kuliko viungo vingine vikubwa, mtu anapoanguka kutoka mwembeni.

Shingoni kuna kiungo kingine cha ajabu. Ukitikisa kichwa kusema hapana, pingili ya kwanza ya shingo huzunguka kwenye kijiti cha mfupa wa pingili ya pili, kama pete inavyozunguka kidoleni. Pingili za uti wa mgongo, kwa upande wake, zinasogea kidogo kidogo tu. Kati ya pingili na pingili mna kitu kama mto mdogo. Mito hiyo hubonyea kwa uzito wa mchana kutwa, na usiku hujaa tena. Kwa hiyo kila mtu ni mrefu kidogo zaidi asubuhi kuliko jioni. Ukitaka kuhakikisha, jipime ukutani.

Viko pia viungo visivyosogea kabisa. Mifupa ya fuvu imeshonana kama ukili wa mkeka. Kwa mtoto mchanga bado haijashonana, na ndiyo sababu utosi wake unadunda. Kwa kawaida utosi hufunga mtoto anapokuwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu.

Sasa tuingie ndani ya kiungo. Siku mkichinja mbuzi, tazama goti lake mnapolikata. Utaona ncha za mifupa zimefunikwa na kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Hilo ni gegedu. Kazi yake ni kuzuia mfupa usisagane na mfupa. Utaona pia ute mzito kidogo, kama ute wa yai. Huo ndio mafuta ya kiungo. Katika goti la mtu mwenye afya ute huo haujazi hata kijiko cha chai, lakini unatosha. Kiungo chote kimefungwa ndani ya mfuko, na nje yake kuna kano, kamba ngumu zinazoshika mfupa na mfupa visiachane.

Kiungo kikiteguka, ncha ya mfupa imetoka mahali pake, na mara nyingi mfuko na kano vimechanika. Watu wengine hukimbilia kuvuta. Msivute. Pembeni mwa kiungo hupita mishipa ya damu na ya fahamu, nayo inaweza kuumia. Pengine mfupa umevunjika na hamjui. Fungeni mkono kwa khanga kifuani, vile vile ulivyo, mumpeleke mgonjwa kwenye matibabu. Na akina mama, mnapovuka mfereji msimnyanyue mtoto mdogo kwa mkono mmoja. Kiwiko chake huchomoka kwa urahisi.

Jambo moja zaidi kuhusu gegedu: halina mishipa ya damu. Ngozi ikikatwa hupona, na mfupa ukivunjika huunga. Gegedu likiharibika sana halirudi kama lilivyokuwa. Jambo hili nilifundishwa chuoni nikaliandika katika daftari, lakini sikulielewa hadi mwaka wangu wa kwanza kazini.

Mama mmoja aliniletea mtoto wake wa kiume, wa miaka saba. Goti lilikuwa limevimba. Mama alisema mtoto alikuwa akicheza mpira, nami nikakubali upesi kwamba ameumia mchezoni. Nilimpa dawa ya maumivu nikawaruhusu. Sikumpima homa. Sikuuliza kuhusu kidonda kilichokuwa kikikauka kwenye kidole chake cha mguu. Baada ya siku nne walirudi. Goti lilikuwa la moto kama chungu, na mtoto alilia hata shuka ilipomgusa. Tulimpeleka hospitali, wakatoa usaha ndani ya goti, akalazwa kwa muda mrefu akichomwa sindano. Alipona. Lakini goti lile halikunji sawasawa, na mpaka leo hawezi kuchuchumaa. Mama yake hunisalimu vizuri tukikutana sokoni. Mimi ndiye ninayetazama chini.

Ilikuwa hivi: vijidudu viliingia kwenye damu, pengine kupitia kile kidonda, vikafika kwenye goti. Ndani ya mfuko ule usaha ulijaa, na usaha hula gegedu kwa siku chache tu.

Kwa hiyo tazameni dalili hizi. Kiungo kimoja kimevimba na kina joto. Mtoto ana homa. Hataki kukisogeza wala kukikanyagia. Mtoto mchanga hawezi kusema, lakini mtaona mguu mmoja hauchezi, naye analia mnapombadilisha nepi. Dalili hizi zikionekana, msikande kwa maji ya moto, msichanje chale, msisubiri siku ya kliniki. Mleteni siku ile ile, hata kama alianguka kweli.

Maumivu yakihama, leo goti, kesho kiwiko, hasa wiki mbili au tatu baada ya mtoto kuumwa koo, mleteni pia. Ugonjwa huo hupita kwenye viungo, lakini unaweza kuharibu moyo. Na mkinikuta nina haraka, niambieni nipime homa.