Dawa Inayowekwa Ndani ya Fizi

Fizi zenye afya hazitoki damu. Ukiona wekundu kwenye povu la mswaki kila asubuhi, usijifariji kwamba ulisugua kwa nguvu. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa fizi, na wengi huishi nao miaka kwa miaka kwa sababu hauumi. Huja kliniki jino likishaanza kucheza.

Chanzo ni utando wa bakteria unaojijenga pale jino linapokutana na fizi. Usiposafishwa huganda ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki. Fizi huvimba na kuachana na jino, na katikati hutokea mfuko. Daktari huupima kwa kifaa chembamba chenye alama za milimita. Kwa mtu mwenye fizi zenye afya, kina huwa milimita 1 hadi 3. Kikifika 5, mswaki haufiki chini, dawa ya kusukutua nayo haifiki, na mfupa unaoshika jino unaendelea kuliwa.

Tiba ya kwanza ni kukwanguliwa ugaga, juu ya fizi na chini yake hadi kwenye mzizi, kwa ganzi ikibidi. Hii ndiyo kazi yenyewe. Mifuko mingi hupungua baada ya hapo, mradi nyumbani meno yanapigwa mswaki vizuri asubuhi na usiku, na katikati ya meno pia panasafishwa.

Iko mifuko inayogoma. Kwa hiyo, baadhi ya kliniki zina dawa ya kuua vijidudu inayowekwa humo humo ndani. Mojawapo ni kipande kidogo cha jelatini, urefu wa milimita 5 na upana wa 4, chenye miligramu 2.5 za klorheksidini, dawa ile ile inayotumika katika baadhi ya maji ya kusukutulia. Daktari hukausha sehemu hiyo, akakishika kipande kwa koleo dogo na kukisukuma taratibu mpaka chini ya mfuko. Kikipata unyevu hulainika na kunata. Dawa hutoka kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, na kipande huyeyuka chenyewe. Hakuna haja ya kurudi kutolewa kitu. Maji ya kusukutulia ukishayatema, sehemu kubwa ya dawa imekwenda nayo.

Msaada wake ni wa kweli, lakini ni mdogo. Kwa wastani, nafuu inayoongezeka juu ya ile ya kukwangua peke yake haifiki nusu milimita. Kwa mfuko mmoja au miwili iliyokataa kupona, inafaa kuizungumzia na daktari. Ukiambiwa uwekewe dawa hiyo bila kukwanguliwa ugaga kwanza, kataa: bakteria watarudi kwenye ugaga ule ule na pesa yako itakuwa imepotea. Kabla ya kulipa, uliza mfuko wako una milimita ngapi, ulikuwa ngapi kabla ya kukwanguliwa, na utapimwa tena lini.

Anayevuta sigara hupona kwa shida, hata akiwekewa dawa gani. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa vilevile. Mweleze daktari hali yako yote, hasa kama dawa yenye klorheksidini iliwahi kukuletea vipele au uvimbe.

Ukishawekewa, piga mswaki kama kawaida, ila usipitishe uzi wa meno mahali hapo kwa siku 10, maana unaweza kuking'oa kipande. Maumivu kidogo ya siku za mwanzo si jambo la kutisha. Uvimbe unaoongezeka, usaha au homa ni sababu ya kurudi kliniki kabla ya tarehe yako. Ukivimba uso au ukapumua kwa shida, nenda hospitali saa hiyo hiyo.