Diwani, rudi na majibu

Wananchi wengi hawajui diwani wao alichangia nini kwenye baraza. Wanachokumbuka ni kwamba walimwonyesha mtaro ulioziba, akaupiga picha kwa simu, akaondoka, na masika ikawakuta na mtaro uleule.

Kwa hiyo diwani mpya, nunua daftari. Kila kero iandike na tarehe, mtaa na jina la aliyeileta, kisha andika inamhusu nani: mtendaji wa kata, mhandisi wa halmashauri, mamlaka ya maji au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Hapa ndipo wengi huponzwa na ulimi. Tangu 2017 barabara za mitaani ziko mikononi mwa TARURA, hivyo anayeahidi greda "wiki ijayo" anaahidi kisicho chake. Waambie wazi kwamba utaifikisha kero yao kwa wahusika, na utaje siku ya kuwapa jibu. Siku hiyo ikifika nenda, hata kama jibu lenyewe ni kwamba fedha hazipo.

Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka. Likimalizika, waombe wenyeviti wa mitaa waitishe mikutano ueleze kilichoamuliwa. Iwe Jumapili alasiri. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi huwapata walewale tu.

Usimtegemee balozi wa nyumba kumi peke yake. Huyo ni kiongozi wa chama, na mpangaji aliyehamia juzi au asiye na kadi huenda hamjui kabisa. Wafuate watu kwenye kijiwe cha bodaboda, gengeni, saluni. Ukikuta wanakusema, vuta benchi usikilize.

Msibani nenda, ila usizoeshe watu bahasha nono. Posho haitatosha, na utaishia kukwepa misiba.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) imewachafua viongozi wengi. Hakikisha masharti na siku ya mwisho ya maombi vimebandikwa kwenye ofisi ya kila mtaa. Ukimnong'oneza shemeji yako kwanza, kata nzima itajua kabla fedha hazijatoka.

Na kalenda ya bajeti uijue. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vipaumbele vya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla. Diwani anayewauliza watu wake mahitaji yao mwezi Juni amekwishachelewa mwaka mzima.