Chagua mwezi kabla ya kuchagua hoteli

SWALI: Daktari, ninaishi Hamburg, Ujerumani, na mume wangu na watoto wawili wanaosoma. Mama yangu, mwenye miaka 66, atakuja kututembelea kutoka Tanga, nasi tunataka kumpeleka mapumziko ya wiki moja kwenye kisiwa cha Krete, Ugiriki, mwishoni mwa Julai. Ana presha na kisukari, na anatumia amlodipine, bendrofluazide na metformin. Nimesikia chakula cha Krete ni kizuri kwa moyo. Ale nini, aepuke nini? Na kuingia baharini kuna madhara kwa mwenye kisukari?

JIBU: Umeuliza chakula na bahari, na yote mawili nitayajibu, lakini jambo litakaloamua usalama wake huko halimo katika maswali yako, nalo ni mwezi. Julai na Agosti ni miezi ya hatari katika visiwa vya Mediterania kwa mtu wa umri huo anayetumia dawa hizo tatu. Ningeomba safari isogezwe hadi Oktoba, na naomba unisikilize hoja zangu kabla hujalipia hoteli.

Najua neno la kwanza litakalosemwa nyumbani: mama ni mtu wa pwani, joto amezaliwa nalo. Hoja hii ina nguvu kwa sababu ina ukweli ndani yake. Mwili hujifunza joto kweli. Katika wiki moja au mbili huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, na kupoteza chumvi kidogo. Ila mafunzo hayo hayadumu, hupotea ndani ya wiki chache mtu akikaa penye baridi. Sasa tazama kalenda ya mama. Julai Tanga ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, na joto la mchana huwa chini ya nyuzi 30. Atatoka kwenye msimu wa baridi wa kwao, akae Hamburg ambako jioni ya Julai inaweza kudai sweta, kisha ashuke Krete. Mwili wake utafika ukiwa haujajiandaa kama wa mgeni mwingine yeyote. Weusi wa ngozi nao unamkinga na kuungua kwa jua kuliko Mzungu, lakini haumkingi na kuzidiwa na joto. Na siku ya huko ni ndefu: mwishoni mwa Julai jua la Krete huzama kama saa mbili na nusu usiku, wakati mwili wa mama umezoea kuwa saa hiyo giza limeshaingia zamani.

Neno la pili litatoka kwa mwenye kusoma takwimu: wastani wa joto la mchana la Julai pwani ya kaskazini ya Krete ni nyuzi 29 au 30 tu, sawa na Dar es Salaam. Ni kweli. Lakini anayelazwa hospitali haangushwi na wastani, anaangushwa na zile siku nne au tano ambazo hewa moto ya jangwa la Afrika Kaskazini huvuka bahari na kupandisha joto hadi nyuzi 40 na zaidi. Tarehe 11 Agosti 2021, Floridia, katika kisiwa cha Sicily, palipimwa nyuzi 48.8, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa hiyo ndiyo rekodi ya bara zima la Ulaya. Joto la hewa hiyo ya jangwa ni kavu. Jasho hukauka kabla hujaliona, nguo hubaki kavu, na mtu wa Tanga aliyezoea kuujua ukali wa joto kwa jinsi shati linavyoganda mgongoni hupoteza maji mengi bila kujua. Watafiti walikadiria kuwa joto la kiangazi cha 2022 liliua watu zaidi ya 60,000 barani Ulaya. Italia na Ugiriki zilikuwa juu kabisa kwa uwiano wa vifo na idadi ya watu, na wanawake wazee waliumia kuliko wengine. Juni 2024, daktari na mtangazaji wa Uingereza Michael Mosley, mwenye miaka 67, alifariki kwenye kisiwa cha Symi, Ugiriki, baada ya kutoka kutembea kwa miguu mchana. Uchunguzi rasmi haukuweza kuthibitisha kilichomuua, ila ulitaja joto kuwa miongoni mwa sababu zinazoelekea zaidi. Alikuwa mtu aliyefundisha mamilioni kutunza afya zao.

Sasa dawa, maana hapa ndipo penye uzito wote. Hewa inapozidi joto la ngozi, mwili hubaki na njia moja ya kujipoza, jasho, na jasho linahitaji maji na damu ya kutosha karibu na ngozi. Bendrofluazide kazi yake ni kutoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Amlodipine hutanua mishipa, na joto nalo huitanua. Yakikutana, presha inaweza kushuka ghafla mama anapoinuka kitini, akaanguka na kuvunjika nyonga. Metformin yenyewe haina ugomvi na jua, lakini mwili ukikauka figo hupunguza kazi, dawa hurundikana, na damu inaweza kujaa asidi. Ongeza kwamba kiu hupungua kadiri umri unavyosogea: mzee huhitaji maji muda mrefu kabla ya kuyatamani. Hakuna hata moja kati ya dawa hizi ambayo mama anapaswa kuiacha kwa uamuzi wake au wako. Anayeweza kubadili dozi kwa wiki ya joto ni daktari wake, na aulizwe kabla mama hajaondoka Tanga.

Utasema hoteli ina kiyoyozi. Kinasaidia sana, na usikubali chumba kisicho nacho. Lakini hakuna anayesafiri mpaka Krete kukaa chumbani, nawe dada, mwenye mama na watoto wawili, huwezi kuwagawa siku nzima. Kuhusu shule, Hamburg ina likizo ya vuli ya wiki mbili kuelekea mwisho wa Oktoba. Wakati huo joto la mchana Krete ni nyuzi 22 au 23, na bahari, inayopoa polepole kuliko nchi kavu, huwa bado na nyuzi 22 hivi. Mvua huanza kunyesha, sikufichi. Viza ya Schengen hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90, kwa hiyo mama aje Septemba badala ya Julai. Bima ya angalau yuro 30,000 atakayotakiwa kuwa nayo kwa ajili ya viza isomeni sawasawa, kwani nyingi hukwepa kulipia magonjwa ambayo mtu anayo tayari.

Chakula cha Krete kina sifa ya haki. Utafiti wa nchi saba ulioongozwa na Ancel Keys kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ulikuta wanaume wa huko wakifa kwa maradhi ya moyo kwa nadra mno. Ila hayo yalitokana na maisha mazima ya mboga, kunde, mafuta ya zeituni na kazi za shamba. Wiki moja haiponyi presha. Ale samaki, dengu na mboga; zeituni na jibini ya feta avionje tu, kwa sababu ya chumvi. Baharini aingie, asubuhi au jioni, akiwa na mtu na amevaa viatu vya majini. Kisukari huweza kufisha hisia za miguu, na mchanga wa mchana unaweza kuiunguza bila yeye kusikia. Kila usiku mkague nyayo.

Kama Julai imeshalipiwa na fedha hairudi, mama abaki ndani kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, anywe maji kwa saa bila kungoja kiu, na dawa zisiachwe ndani ya gari. Matembezi ya bonde la Samaria huko Krete, kilomita 16 za kuteremka hadi kijiji kisichofikiwa na gari, ambako watu huondoka kwa boti, waachieni vijana. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia huku mwili unawaka, pigeni 112, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, na kama fahamu zimepotea msimpe kitu cha kunywa.