Daktari ni Shahidi, Si Hakimu: Nafasi ya Mtaalamu wa Afya katika Mashauri ya Ukatili dhidi ya Watoto

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulibaini kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mashauri haya huhitaji ushahidi, na sehemu ya ushahidi huo hutoka kwa mtaalamu wa afya.

Kazi yake ya kwanza ni tiba. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza kutumika ndani ya saa 72 tangu tukio. Muda huo ukipita, hazina tena msaada. Kwa vijiji vya mwambao kama Mwamgongo na Kagunga, ambako watu hufika Kigoma mjini kwa boti, ziwa likichafuka saa hizo huyoyoma. Hivyo mtoto afikishwe mapema katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu.

Kazi ya pili ni kuchunguza na kuandika. Katika Fomu namba 3 ya Polisi, yaani PF3, daktari hueleza alama alizoziona na kuzilinganisha na maelezo aliyopewa. Mtoto mchanga asiyeweza hata kutambaa akiletwa na mfupa wa paja uliovunjika, maelezo ya kwamba "alijikwaa" hayakubaliki.

Kazi ya tatu ni mahakamani. Mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeandika taarifa aitwe na kuhojiwa. Asipoelezwa haki hiyo, taarifa inaweza kuondolewa katika ushahidi.

Hata hivyo, daktari hatoi hukumu. Watoto wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono hawaonekani na jeraha lolote wanapopimwa, kwa kuwa majeraha hupona upesi na vitendo vingine haviachi alama. Majibu ya "hakuna jeraha" si uthibitisho kwamba mtoto amesema uongo. Mahakama ya Rufani imekwisha kuamua kuwa ushahidi bora wa ubakaji ni wa yule aliyetendewa.

Mzazi au mlezi anashauriwa yafuatayo:

1. Mtoto asiogeshwe kabla ya kupimwa.
2. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki.
3. Asihojiwe na kila jirani. Asikilizwe kwa utulivu, na maneno yake yakumbukwe kama alivyoyasema.
4. Hali yake ikiwa mbaya, atibiwe kwanza. Fomu ifuatiliwe baadaye.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki zake kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Taarifa hupokelewa na mtendaji wa kijiji au mtaa, ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa simu namba 116 bila malipo. Kila siku inayotumika katika vikao vya kumalizana kifamilia hupunguza kile ambacho daktari angeweza kukiona, na humwacha mtoto karibu na aliyemdhuru.