Mwana Hiti Wafundisha Nini?

Wako wadhanio ya kuwa Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha, kwa kuwa jirani na Dar es Salaam, hawana urithi wao wenyewe. Sisi twasema: watazame mwana hiti.

Ni sanamu ndogo ya mti, isiyo na mikono, yenye matiti, kitovu, na mashungi ya nywele kichwani. Mwali alipowekwa ndani alikabidhiwa sanamu hiyo, akaitunza na kuipaka mafuta kama mtoto mchanga, ajifunze ulezi. Umbo lilo hilo lilichongwa pia kwenye fimbo na viti vya wakubwa, na juu ya nguzo za makaburi. Kwa nini umbo la mwanamke likae kwenye kiti cha mkubwa? Kwa sababu Wazaramo walihesabu ukoo kwa upande wa mama.

Leo sanamu nyingi zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, mara nyingi pasipo jina la mchongaji. Basi, wazazi, tuwaulize wazee wetu majina hayo wangali hai, tuyaandike, tuwafundishe watoto.