Habari za Mwalimu Gruber wa Arnsdorf

Kila mwaka siku za Krismasi zikifika, twaimba ule wimbo uitwao Usiku Mtakatifu. Wengi wetu tumeujua tangu utoto, hata hatuulizi ulitoka wapi. Safari hii twataka kuwaeleza habari za mwalimu aliyeutunga sauti yake, maana kazi yake yafanana sana na kazi ya wengi wenu mnaosoma gazeti hili.

Jina lake Franz Xaver Gruber. Alizaliwa tarehe 25 Novemba mwaka 1787, katika nchi ya Austria. Wazazi wake walikuwa maskini, wafumaji wa nguo za kitani, na baba yake alitaka mwanawe naye akae mbele ya kitanda cha mfumaji. Lakini mwalimu wa kijiji, Andreas Peterlechner, aliona kipawa cha mtoto huyu, akamfundisha kupiga kinanda. Hatimaye baba akakubali, Franz akajifunza ualimu.

Mwaka 1807 aliwekwa kuwa mwalimu wa Arnsdorf, kijiji kidogo karibu na mto Salzach. Akamwoa mjane wa mwalimu aliyemtangulia, mwanamke aliyempita kwa umri. Msistaajabu. Ndiyo iliyokuwa desturi ya mahali pengi siku zile, ili mjane asifukuzwe katika nyumba ya shule pamoja na watoto wake. Tena mwalimu wa zamani hakuwa mwalimu tu. Asubuhi aliwafundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Kisha alipiga kengele, alitunza vyombo vya kanisa, alipiga kinanda, alifundisha waimbaji. Aliyepata kuwa mwalimu wa kijiji hahitaji kuelezwa jinsi siku ya namna hiyo inavyokwisha.

Mwaka 1816 mto Salzach ulifanywa mpaka wa nchi mbili. Mji wa Laufen ulibaki upande wa Bayern, na watu wa Oberndorf, waliozoea kuvuka mto kwenda kanisani, wakatengwa na kanisa lao kuu. Ikawa lazima wajipatie usharika wao wenyewe katika kanisa la Mtakatifu Nikolao. Gruber akaongezewa kazi ya kupiga kinanda huko, akawa akitoka Arnsdorf kwenda Oberndorf kwa miguu, karibu kilometa tatu, kisha kurudi kwa watoto wa shule.

Huko akajuana na padre msaidizi, Joseph Mohr, kijana wa nyumba ya kimaskini kama yeye. Tarehe 24 Desemba mwaka 1818 Mohr alimletea mashairi aliyoyaandika mwaka 1816, akamwomba ayatungie sauti ya waimbaji wawili pamoja na kundi, kwa kufuatisha gitaa. Gruber akaitunga siku ile ile, na usiku wakaimba wote wawili mbele ya watu. Wako wasimuliao ya kwamba panya walikuwa wameguguna mifuko ya kinanda, na kwa hiyo gitaa likatumika. Hadithi hiyo yapendeza watoto, lakini Gruber mwenyewe alipoandika habari hizi hakutaja panya wala kinanda kuharibika, na sisi twapenda kumsadiki yeye.

Wimbo ukachukuliwa na fundi wa vinanda hata bonde la Ziller, na waimbaji wa huko wakaueneza katika miji mikubwa ya Ulaya. Jina la mtungaji halikusafiri pamoja nao. Yeye alikuwa Arnsdorf akifundisha herufi.

Na nyumbani kwake msiba haukukoma. Watoto wawili wa mke wa kwanza walikufa wangali wadogo, na mke mwenyewe akafa mwaka 1825. Mwaka 1826 alimwoa Maria Breitfuss, aliyekuwa zamani mwanafunzi wake. Wakazaa watoto kumi, nao waliofikia utu uzima ni wanne tu. Mwaka 1841 Maria naye akafa katika uzazi. Mwaka uliofuata Gruber akaoa mara ya tatu, maana nyumba ilikuwa na watoto wasio na mama. Tuhesabu basi: mtu huyu alizika wake wawili na watoto wanane, na siku ya Bwana ilipofika alipanda tena kwenye kinanda. Twaona jambo hilo ni kubwa kuliko wimbo.

Mwaka 1829 alihamia Berndorf, akafundisha huko. Mwaka 1835 akaenda Hallein, mji wa chumvi, kuwa mpiga kinanda na kiongozi wa waimbaji.

Mwaka 1854 wanamuziki wa mfalme huko Berlin walitaka kujua kama sauti ya wimbo ule ilitungwa na Michael Haydn, mtungaji mwenye sifa. Swali lao likafika kwa Felix, mwana wa Gruber, aliyekuwa mwimbaji katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Petro huko Salzburg, naye akampasha baba yake. Miaka 36 ilikuwa imepita. Tarehe 30 Desemba Gruber alikaa akaandika maelezo mafupi, akijitaja kama amtajavyo mtu mwingine: mpiga kinanda fulani, ambaye pia alikuwa mwalimu wa Arnsdorf. Hakudai malipo. Hata hivyo, muda mrefu wako waliokataa kusadiki ya kuwa mwalimu wa kijiji aliweza kutunga sauti kama ile.

Alikufa Hallein tarehe 7 Juni mwaka 1863. Kaburi lake liko mbele ya nyumba aliyokaa, na gitaa la Mohr limehifadhiwa ndani yake. Mwaka 1995 ilionekana karatasi ya wimbo iliyoandikwa kwa mkono wa Mohr mwenyewe, na juu yake, pembeni, Mohr ameandika jina la aliyetunga sauti: Gruber.