Harufu na Majimaji Yasiyo ya Kawaida Ukeni: Daktari wa Mtandaoni Anaweza Kukusaidia Vipi?

Mwanamke anapoona majimaji yenye harufu mbaya ukeni, mara nyingi haendi hospitalini. Huoga mara tatu kwa siku, hununua sabuni yenye manukato, kisha hunong'ona kwenye duka la dawa: "Nipe dawa ya fangasi." Wiki mbili baadaye tatizo lingali pale pale, na pesa zimekwisha.

Siku hizi mkaazi anaweza kuzungumza na daktari kwa simu bila kupanga foleni. Somo hili linaeleza jinsi ya kuitumia huduma hiyo vizuri, na wakati ambapo simu haitoshi.

Ni ugonjwa gani huu?

Ukeni huishi bakteria wazuri waitwao laktobasili. Hao hutoa asidi inayozuia bakteria wengine wasizidi. Wakipungua, wengine huongezeka, na hali hiyo huitwa vajinosisi ya bakteria, au BV kwa ufupi.

Dalili zake ni majimaji mepesi, meupe au ya kijivu, na harufu kama ya samaki inayozidi baada ya kujamiiana. Wengine hawana dalili yoyote. Huu si ugonjwa wa uchafu, wala hauhesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa, ingawa kuwa na mpenzi mpya au wapenzi wengi huongeza uwezekano wa kuupata. Kujiosha ndani ya uke huzidisha tatizo, kwa sababu huwaondoa wale bakteria wazuri.

Usiupuuze. BV humweka mwanamke katika hatari zaidi ya kuambukizwa virusi vya ukimwi, na kwa mjamzito inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Kwa nini usikisie dawa?

Fangasi kwa kawaida huleta mwasho mkali na ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, bila harufu kali. Trikomonasi, ambayo ni ugonjwa wa zinaa, inaweza kuleta majimaji ya manjano au kijani yenye povu, na mwenzako pia lazima atibiwe. BV hutibiwa kwa antibiotiki kama metronidazoli au klindamaisini. Dawa ya fangasi haiiponyi BV, na antibiotiki zinaweza hata kuchochea fangasi.

Hatua za kumwona daktari kwa simu

1. Hakikisha ni daktari wa kweli. Uliza jina lake kamili na nambari ya usajili, kisha utafute jina hilo kwenye sajili ya Baraza la Madaktari, KMPDC, iliyoko mtandaoni. Uliza pia ada kabla ya kulipa.

2. Tafuta mahali pa faragha. Ikiwa simu inatumiwa na watu wengi nyumbani, futa ujumbe baada ya mazungumzo.

3. Eleza bila aibu. Sema dalili zilianza lini, rangi na harufu ya majimaji, hedhi ya mwisho, kama una mimba au unanyonyesha, dawa ulizokwisha kutumia, na dawa zinazokudhuru.

4. Linda siri yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Una haki ya kuuliza zitatumiwaje. Usitume picha za sehemu za siri. Kwa tatizo hili maelezo yako ndiyo yanayohitajika.

5. Pata cheti cha dawa chenye jina la daktari, kisha ununue kwenye duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Jiepushe na muuzaji anayekupa dawa bila swali hata moja.

6. Maliza dozi. Vidonge vya metronidazoli mara nyingi humezwa kwa siku 7. Usiache siku ya tatu kwa kuwa harufu imepotea. Uliza kuhusu pombe, na ukipewa krimu ya klindamaisini, fahamu kuwa inaweza kudhoofisha kondomu za mpira.

Wakati simu haitoshi

Daktari wa mtandaoni hawezi kukupima wala kuangalia majimaji kwa hadubini. Nenda kituo cha afya ikiwa una mimba, maumivu ya tumbo chini ya kitovu, homa, vidonda, au damu isiyo ya hedhi. Nenda pia ikiwa mgonjwa ni mtoto, au ikiwa umemaliza dawa na hujapona. Aliyebakwa afike hospitalini mara moja, kwani dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianzwe ndani ya saa 72.

BV hurudi mara nyingi, hata kwa aliyetibiwa vizuri. Ikirudi, usitumie cheti cha zamani wala vidonge vya jirani. Mweleze daktari kuwa imerudi, umuulize pia kama mwenzako anahitaji dawa, na uombe kupimwa.

Kwa asiye na simu ya intaneti, mlango ungali wazi: mwone mhudumu wa afya wa jamii kijijini kwako, au fika zahanati iliyo karibu. Wahudumu wameyasikia maneno haya mara nyingi. Hutakuwa wa kwanza kuyasema.